Chai ya mboji: fedha iko kwenye lundo, si kwenye dumu

BEI ya mbolea ya viwandani ilipopaa mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuvuruga soko la dunia, mfuko wa kilo 50 wa Urea hapa nchini ulivuka shilingi 100,000. Serikali ikaingiza ruzuku, na mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Lakini mwenye matuta manane ya mchicha katika bonde la Msimbazi, au nyuma ya nyumba yake huko Tegeta, mara nyingi hanunui mfuko. Hununua kwa kupimiwa, kilo moja au mbili, na bei ya kupimiwa ina hesabu zake.

Kwa mtu wa aina hiyo, habari za "chai ya mboji" huingia masikioni kwa urahisi. Anaambiwa achukue mboji iliyoiva, ailoweke kwenye maji, achuje, kisha anyunyizie bustani. Udongo utapata uhai, mboga zitanawiri, na gharama ni maji tu. Na pale penye mnunuzi wa habari kama hizo hapakosi mtu mwenye mtaji mdogo anayeona biashara. Mapipa mawili ya lita 200, pampu ndogo ya hewa, madumu, lebo yenye picha ya kabichi, na mali iko dukani. Kwenye karatasi faida inapendeza, kwa kuwa sehemu kubwa ya bidhaa ni maji ya bomba.

Hesabu hiyo inastahili kukaguliwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Chukulia ndoo ya lita 20 iliyotengenezwa kwa kilo 3 za mboji, kipimo ambacho ni cha kawaida. Mboji yenye unyevu wake wa kawaida ni nusu maji, kwa hiyo mboji kavu iliyomo ni kama kilo moja na nusu. Mboji nzuri ikipimwa kavu huwa na naitrojeni ya asilimia 1 hadi 2. Maana yake ni kwamba ndoo nzima haiwezi kuwa na zaidi ya gramu 30 za naitrojeni, hata kama yote ingetoka na kuingia kwenye maji. Nayo haitoki yote. Sehemu kubwa imefungwa ndani ya mabaki ya mimea na hubaki kwenye gunia la kuchujia. Urea ina naitrojeni ya asilimia 46. Gramu 30 hizo, ambazo ni kiwango cha juu kabisa, zinapatikana katika gramu 65 za Urea, yaani kiasi kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Anayenunua dumu kwa kudhani amenunua mbadala wa mfuko wa mbolea, amenunua maji ya bei mbaya.

Watetezi wa chai hii wana jibu, na ni haki lisikike. Wanasema haikukusudiwa kuwa chakula cha mmea. Kazi yake ni kupeleka kwenye udongo vijidudu vyenye manufaa, bakteria na kuvu, ambavyo huvunjavunja mabaki na kuufanya udongo ujilishe wenyewe. Huko Marekani aliyeieneza zaidi hoja hiyo ni mtaalamu wa vijidudu vya udongo, Elaine Ingham, na kuanzia miaka ya 1990 mashine za kupulizia hewa kwenye mapipa ya chai zilipata soko kubwa. Huko huko Marekani, Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Washington State amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba majaribio ya kisayansi hayaungi mkono sehemu kubwa ya madai hayo. Yako majaribio ambapo chai ilipunguza ugonjwa fulani wa majani, na yako ambapo haikufanya lolote. Hali hii haishangazi, kwani hakuna mboji mbili zinazofanana, na kwa hiyo hakuna chai mbili zinazofanana. Kwa mfanyabiashara, bidhaa isiyoweza kutoka sawa mara mbili ni bidhaa ya kuogopa.

Lakini hata hoja ya vijidudu ikikubaliwa yote, ndiyo inayoiua biashara ya dumu. Vijidudu vinavyotafutwa vinahitaji hewa. Pampu ikizimwa, hewa iliyomo kwenye maji huisha kwa muda mfupi, na ndiyo maana mafundi wa chai ya kupuliziwa hewa husisitiza itumike ndani ya saa chache baada ya kuwa tayari. Ikifungwa kwenye dumu, vinavyopenda hewa hufa na visivyoihitaji huchukua nafasi. Dumu huvimba, na likifunguliwa hutoa harufu ya mtaro. Muuzaji akiongeza dawa ya kuzuia lisivimbe, ameviua vijidudu vyenyewe alivyoandika kwenye lebo. Mwenye duka la pembejeo anayeletewa madumu ya aina hiyo kwa mali kauli afanye jaribio moja rahisi. Aweke dumu moja juani siku tatu kabla ya kukubali mengine.

Kuna suala la afya pia, ambalo wauzaji hulipita haraka. Mapishi mengi ya chai hii yanaongeza molasi au sukari ili vijidudu vizaliane upesi. Molasi haichagui. Ikiwa mboji haikuiva, au ni samadi ya ng'ombe au kuku iliyopewa jina la mboji, bakteria wa kinyesi nao hulishwa na kuongezeka. Mwaka 2004 jopo lililoundwa chini ya bodi ya taifa ya viwango vya kilimo hai ya Marekani lilipendekeza kwamba chai iliyoongezwa virutubisho vya aina hiyo ipimwe bakteria kwanza. Isipopimwa, ichukuliwe kama samadi mbichi, yaani zipite siku 90 kabla ya kuvuna mazao ambayo sehemu yake ya kuliwa haigusi udongo, na siku 120 kwa yale yanayougusa.

Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Hakuna mkulima wa mchicha atakayesubiri siku 120. Mchicha angalau huchemshwa. Lakini saladi, giligilani na vitunguu vya majani huliwa vibichi, na mara nyingi mnunuzi wake ni hoteli inayolipa vizuri. Tukio moja la wageni kuugua matumbo linatosha kumfungia mkulima mlango huo, na msambazaji wake pamoja naye.

Kwa upande wa sheria, mambo si ya kubahatisha. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea isajiliwe kabla ya kuingia sokoni na mfanyabiashara wake awe na leseni, na msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Mtu anayejitengenezea ndoo kwa bustani yake hana tatizo. Anayebandika lebo na kuuza amekuwa mfanyabiashara wa mbolea, na mtaji wa laki tano haukupigiwa hesabu ya usajili na vipimo vya maabara.

Pamoja na hayo, chai ya mboji ina mahali pake, na mahali hapo ni bustanini. Mwenye mboji kidogo na matuta ambayo tayari yamepandwa hawezi kuichimbia mboji chini ya miche bila kukata mizizi. Hapo ndoo ya chai inamsaidia. Kilo 2 hadi 4 za mboji iliyoiva hutiwa kwenye gunia safi, likafungwa na kuzamishwa katika lita 20 za maji. Maji ya bomba yaachwe wazi usiku mmoja kwanza ili klorini ipungue. Asiye na pampu akoroge kwa nguvu mara kadhaa asubuhi na jioni, na atumie baada ya siku moja au mbili. Mapishi ya kuloweka wiki mbili hayamfai mwenye mchicha, maana wiki mbili ni nusu ya umri wa zao lenyewe. Rangi iwe kama ya chai ya rangi isiyokolea. Ikiwa nzito iongezwe maji. Imwagiliwe kwenye udongo jioni, si juu ya majani ya kuliwa, na iishe siku hiyo hiyo. Molasi isitiwe. Ikinuka vibaya, ikamwagwe kwenye lundo na si kwenye tuta. Gunia likishakamuliwa, yaliyobaki ndani yarudishwe kwenye udongo, kwani ndimo ilimobaki sehemu kubwa ya thamani.

Na hapo ndipo ilipo hoja ya mwekezaji. Kinachobadilisha udongo ni mboji yenyewe. Sehemu kubwa ya udongo wa Dar es Salaam na ukanda wa pwani ni mchanga. Maji hupita, na chochote kilichoyeyuka ndani yake hupita nayo. Chai inayomwagwa kwenye mchanga mtupu haina pa kushika. Mboji ni kitu chenye mwili. Hushika maji, hushika virutubisho, na vijidudu hupata pa kuishi na cha kula. Lakini inatakiwa kwa wingi. Tuta la mita 1 kwa 10 linahitaji kati ya kilo 20 na 50 kila msimu. Mkulima wa matuta manane anahitaji viroba, na atavihitaji tena msimu ujao. Huyo ni mteja wa kudumu, na si peke yake. Wako wauza maua na miche kando ya barabara, ambao kila siku wanajaza vifuko kwa udongo mweusi wanaouchuma au kuununua kutoka popote. Wako wenye nyumba mpya ambao baada ya fundi kuondoka wamebaki na kifusi na wanataka bustani.

Malighafi nayo iko. Soko la ndizi la Mabibo, lile watu wanaloliita Mahakama ya Ndizi, hutoa majani na mashina kila siku. Kariakoo, Ilala na Buguruni hutoa mabaki ya mboga na matunda. Wafugaji wa kuku wa nyama wanatafuta pa kupeleka maranda yaliyochanganyika na kinyesi. Sehemu kubwa ya mali hii husafirishwa kwa gharama hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande, kwa hiyo wazo lenyewe si geni mjini. Bado nafasi ya mdogo ni kubwa, kwa sababu mboji ni mzigo mzito wa bei ndogo na haivumilii safari ndefu. Anayetengeneza karibu na mteja, akapeleka kwa guta, anaweza kumshinda mkubwa anayetuma lori.

Isidhaniwe kwamba ni fedha ya haraka. Lundo hulala miezi miwili hadi mitatu, na muda wote huo mtaji umelala nalo. Hupungua kwa kiasi cha nusu, hivyo tripu kumi za kirikuu zilizoingia zitatoka tano. Takataka za sokoni ni za bure, lakini kuchambua mifuko ya plastiki na vipande vya chupa si bure, na anayeruka hatua hiyo atarudishiwa mzigo. Kazi yenyewe ni kuchanganya vikavu na vibichi, lundo lisipungue mita moja kila upande, na unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Lundo lipande joto la nyuzi 55 au zaidi. Kwa lundo la wazi, kanuni za kilimo hai za Marekani hudai joto hilo lidumu siku 15 na lundo ligeuzwe mara tano. Ndilo linaloua vimelea na mbegu za magugu. Asiye na kipimajoto achomeke nondo katikati na kuiacha kwa muda. Ikitoka na haishikiki mkononi, lundo linafanya kazi. Ikitoka ya uvuguvugu, lirudiwe.

Mnunuzi naye asikubali kila kitu cheusi. Mboji iliyoiva inanuka kama udongo baada ya mvua, si kama banda. Ukiishika haina joto, na huwezi kutambua kilichowekwa. Akamue kiganja kimoja. Maji yakichuruzika, kiroba kimeuzwa kwa uzito wa maji, na hapo bei ishuke au mzigo urudi. Anayetaka uhakika zaidi apande punje kumi za mahindi kwenye kopo lenye mboji hiyo iliyochanganywa na mchanga, asubiri wiki moja, ndipo alipe salio.

Kwa anayetaka kuanza, kalenda ni muhimu kuliko mapipa. Lundo lililopangwa mwanzoni mwa Desemba huwa tayari kabla ya masika ya Machi, wakati wauza miche wanapojaza vifuko vingi na bustani nyingi za majumbani zinapandwa. Litakalopangwa Machi litanyeshewa mwezi mzima, lipoe na kunuka, isipokuwa mwenyewe ametenga fedha ya turubai.