Glavu za Mtoto Ziko Wapi?



Wapo watu hapa Kitale ambao hutucheka tukisema kwamba chumba cha sanaa cha shule ni mahali pa hatari. Husema, "Sanaa ni kuchora maua na kufinyanga vijungu. Ninyi watu wa reli mmekosa la kulalamikia?" Twawajibu wazi. Sisi twaijua kostiki soda. Twaijua thina, twaijua asidi ya betri, twalijua vumbi linalokaa kifuani. Vitu hivi vikiwa karakana, sheria yataka mtu avae glavu na miwani, na maji ya kujiosha yawe karibu. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu akivipeleka shuleni katika chupa ya maji ya kunywa, vyaitwa "vifaa vya sanaa", na hakuna anayeuliza glavu zake ziko wapi.

Sasa sisi twauliza.

Mtaala mpya wa umilisi ulienezwa mashuleni kuanzia mwaka 2019, na Januari 2023 watoto wa kwanza wakaingia gredi ya saba. Tangu hapo mkono wa mtoto umepewa kazi darasani kama mkono wa fundi. Afunga kitambaa na kukitia rangi, ayeyusha nta ya batiki, achonga mti, afinyanga udongo, akata ngozi kwa wembe. Hatuna ugomvi na jambo hilo hata kidogo. Wengi wetu tulimaliza shule ya msingi ya misheni bila kushika brashi, tukaja kujifunzia mikono kazini, na wengine walilipa karo hiyo kwa vidole. Tunafurahi watoto wetu wajifunze mapema. Wale wanaosema somo lifutwe tusiwasikilize. Hao ndio wale wale ambao zamani walidhani mtoto wa kibarua hana haja ya somo lo lote zaidi ya kusoma na kuhesabu. Tunachotaka ni somo hilo lifundishwe kama kazi ya kweli, pamoja na ulinzi wa kazi ya kweli.

Tuanze na hii ya kutia nguo rangi, maana ndiyo inayopendwa sana. Rangi zile kali zisizochuja haziyeyuki kwa maji matupu. Zataka kostiki soda, tena zataka unga mweupe ambao wauzaji huuita haidrosi. Kostiki ikitiwa majini huyapasha moto bila jiko. Kazini desturi ni moja: soda hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya soda. Akosaye mpangilio huo hurushiwa usoni. Tena kostiki yala alumini. Sufuria za nyumbani mwetu karibu zote ni za alumini, na mtoto akiambiwa "njoo na sufuria" hubeba ile ya ugali. Kostiki ndani ya sufuria hiyo hutoa povu na gesi ya haidrojeni, gesi ambayo cheche moja yatosha kuiwasha, na hapo pembeni jiko la makaa linawaka kwa ajili ya nta! Je, ni nani karakana angekubali mpango wa namna hiyo? Msimamizi angefukuzwa siku hiyo hiyo.

Haidrosi nayo ina tabia yake. Ikiingiwa na unyevu kidogo hupata joto yenyewe, na yaweza kuwaka, na moshi wake hukaba pumzi. Yafaa kuwekwa pakavu, katika chombo kilichofungwa. Mvua ya Kitale mwaijua, na mapaa ya stoo nyingi za shule mwayajua.

Kuhusu nta, mama ye yote aliyewahi kuunguza mafuta jikoni aweza kumfundisha mkaguzi. Nta haiwekwi juu ya moto wenyewe. Chombo chake huwekwa ndani ya sufuria ya maji. Ikishika moto haimwagiwi maji, maana moto utaruka hadi darini. Hufunikwa kwa kifuniko, na jiko huondolewa. Na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imekwisha kuua watu wengi waliolala nayo.

Muhula mmoja uliopita binti wa mwenzetu alirudi nyumbani ngozi ya vidole ikiwa nyeupe na laini, kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Hakulia, kwa sababu kostiki mara nyingine haiumi upesi. Alilia usiku. Baba yake alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwamba mtoto hakusikiliza maagizo. Shule hatuitaji, kwa kuwa ugonjwa huu si wa shule moja. Lakini jibu lile, ndugu, twalijua sana. Ndilo tulilopewa siku zote mwenzetu alipobanwa mkono: hakusikiliza maagizo. Hakuna aliyesema kwamba glavu hazikuwapo.

Na ingekuwa jicho? Kostiki ikiingia jichoni huendelea kuzama ndani, na kila dakika inayopita huongeza hasara. Dawa yake ya kwanza ni maji mengi safi, papo hapo, kwa nusu saa au zaidi, halafu hospitali. Hesabuni wenyewe hatua kutoka darasa la mtoto wenu mpaka kwenye mfereji, na mwone kama mfereji huo una maji.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa viwanda peke yake. Yahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, na yasema wazi kwamba yawalinda pia wale wasio wafanyakazi wanaoweza kudhuriwa na kazi inayofanyika pale. Darasa ni mahali pa kazi, maana mwalimu yuko kazini. Na mtoto aliye mbele yake amo ndani ya ulinzi huo. Sheria hiyo yataka chombo cha kemikali kiwe na kibandiko chenye jina lake na hatari yake. Yataka kuwe na sanduku la huduma ya kwanza. Palipo na walioajiriwa ishirini au zaidi, yataka kuwe na kamati ya usalama. Mwulizeni mwalimu mkuu wa shule yenu: kamati hiyo ilikaa lini mara ya mwisho? Akikutazama kama mtu uliyemwuliza habari za mwezini, umekwisha pata jibu.

Tazameni na jambo hili. Mwenzetu akikatika kidole kazini, Sheria ya Malipo ya Majeraha Kazini, ya mwaka ule ule wa 2007, yampa haki ya kudai. Mtoto akipofuka darasani hana dai katika sheria hiyo, kwa kuwa hakuna aliyemwajiri. Baba atauza ng'ombe amlipe daktari, kisha atauza wa pili amtafute wakili. Mwenye nguvu za mwili ana glavu na ana fidia. Mdogo hana hili wala lile. Sisi twaita hiyo dhuluma, na hatutatafuta neno laini zaidi.

Msidhani twamshitaki mwalimu. Mwalimu ni mfanyakazi mwenzetu, na chama chao cha KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kimepita katika mapambano kama yetu. Wengi waliopelekwa kufundisha gredi ya saba mwaka 2023 waliandikwa kama walimu wa mafunzo tu, kwa malipo madogo, hata wakagoma mwaka 2024. Huyu wa hesabu hupewa sanaa kwa sababu ratiba ina nafasi. Hakuna aliyempa aproni wala kumwambia haidrosi ni kitu gani. Pumzi anazozivuta watoto kwa saa moja, yeye huzivuta juma zima, darasa baada ya darasa. Reli ina desturi ya bendera nyekundu: mtu akiwa chini ya behewa, bendera husimikwa, na hakuna wa kuiondoa ila yule aliyeisimika. Mwalimu mmoja mwenye watoto sitini na nyembe sitini anahitaji haki kama hiyo, ya kusema "leo hatufanyi, kwa sababu vifaa vya kujilinda havikuja", bila kuandikiwa barua ya kujieleza.

Kuna hatari nyingine isiyounguza. Kiswahili chetu huita penseli "kalamu ya risasi", lakini ndani yake hamna risasi. Ni grafiti na udongo. Risasi yenyewe yaweza kuwamo katika kopo la rangi ya mafuta, ya njano au nyekundu, lililobaki baada ya kupaka lango, ambalo mtu mwema alilitoa shuleni bure. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi. Kopo kuukuu la stoo halijapata habari hizo. Madaktari wa Shirika la Afya Duniani wasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Huharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabu, na aulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Bibi Phyllis Omido alifanya kazi pale, na mtoto wake mchanga akapatikana na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapandishwa juu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Angalieni miaka iliyopita hapo katikati! Mtoto aliyekuwa mgongoni amekuwa kijana.

Na madirisha je? Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mwaka 2024 watoto 21 walikufa Endarasha, Nyeri. Hayo yalikuwa mabweni. Lakini chumba chenye thina, nta na jiko ni chumba cha moto kuliko bweni lo lote, na kitabu cha serikali cha usalama mashuleni cha mwaka 2008 chasema madirisha yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Mkipita njia ya Bungoma tazameni madirisha ya madarasa.

Watatuambia fedha hakuna. Hatukuomba mashine. Ndoo yenye bomba na sabuni, glavu za mpira, miwani ya plastiki, ndoo ya mchanga, kifuniko cha chuma, kibandiko juu ya chupa. Vitu hivi havishindi fedha zinazochangwa kwa ziara moja ya shule. Vumbi la udongo lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe likiwa kavu. Hiyo haina bei. Maganda ya vitunguu na bizari ya manjano hutoa rangi nzuri bila kostiki. Wayoruba wa Nigeria huzuia rangi kwa uji mzito wa muhogo badala ya nta ya moto, na nguo zao zasifiwa duniani. Muhogo Bungoma haujaisha.

Kwa hiyo twadai hivi. Kostiki na haidrosi zisishikwe na mtoto. Mwalimu aliyefundishwa azichanganye mwenyewe, nje, katika ndoo ya plastiki ngumu. Hakuna mtoto kutumwa kuleta kemikali kutoka nyumbani. Shule inunue, kwa risiti, zikiwa na vibandiko. Rangi za watoto ziwe za maji.

Wanachama walio katika halmashauri za shule waliweke jambo hili katika ajenda ya kwanza ya muhula. Wasiomo humo waende mikutano ya wazazi, wasiketi nyuma. Mwenye mtoto gredi ya saba, ya nane au ya tisa na ampe katibu wa tawi jina la shule kabla ya mwisho wa mwezi, aandike na kama kuna mfereji karibu na chumba cha sanaa, na madirisha yako namna gani. Tukizipata tutazipeleka kwa pamoja kwa afisa wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ana mamlaka ya kuingia na kukagua, na nakala tutaipa ofisi ya KNUT. Karatasi za kuandikia ziko kwa katibu, Jumamosi baada ya saa saba.