Eigg, kisiwa kinachojizalishia umeme

Kisiwa cha Eigg, magharibi mwa Scotland, hakijaungwa na gridi ya taifa ya Uingereza. Kwa miaka mingi wakazi wake walitegemea jenereta za dizeli: mafuta ghali, kelele, na giza mashine zinapozimwa.

Mwaka 1997 kisiwa kikawa mali ya jamii yenyewe. Februari 2008 wakawasha mtandao wao wa umeme, unaochanganya mitambo ya maji ya vijito, ya upepo na paneli za jua. Betri huhifadhi ziada, dizeli imebaki akiba.

Lakini kilichofanikisha kazi hiyo zaidi ya mitambo ni makubaliano. Nyumba haivuti zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja. Biashara, kilowati 10. Anayewasha birika, oveni na mashine ya kufulia kwa pamoja hujitafutia kukatiwa.

Hapo ndipo wengi wanaotaka kuachana na mashirika ya umeme hukosea. Hununua paneli na betri, kisha huishi kama zamani. Wanasahau kwamba sasa wao ndio mafundi wa zamu, na wao ndio watakaonunua betri mpya zile za kwanza zikichoka. Huo ni mzigo mzito kwa familia moja.

Serikali zinazohimiza sola vijijini zigharimie mitandao midogo ya pamoja na mafunzo ya mafundi wenyeji, zisiishie kugawa taa. Eigg hutunziwa mitambo na wakazi wake wenyewe.