MGENI WA MIEZI YA BARIDI ALE CHA SHAMBANI KWETU



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi hapa Masumbwe. Mchana jua linawaka, lakini usiku na alfajiri baridi inauma. Zamani tulihesabiwa Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 tumo Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Mipaka imebadilika, baridi ni ile ile.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya wageni. Mavuno yameingia, harusi ni nyingi, ndugu wanatoka machimboni na mijini kuja kutusalimu. Hilo ni jambo jema. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hizi mgeni akija, mwenyeji haponi, anaugua! Mpunga unauzwa haraka haraka ili zipatikane soda, mkate, sukari na nyama ya kuonyeshea watu. Wengine wanakopa dukani. Gunia linauzwa mwezi wa Julai, wakati bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Ikifika Januari au Februari, mtu yule yule anatafuta chakula kwa bei ya juu. Hivi hapo aliyefaidi ni nani? Mgeni amekwisha ondoka, soda imekwisha, deni limebaki, na watoto wanalala na uji mwepesi.

Sisi tunasema: chakula cha kumkarimu mgeni tunacho. Tatizo ni kwamba tunakionea haya.

Tuanze na michembe. Wapo wanaosema ati michembe ni chakula cha njaa. Hilo si kweli. Michembe ni akili ya wazee wetu. Viazi vitamu vibichi vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juani siku kadhaa mpaka vikauke kabisa, ndipo vinawekwa akiba. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Kiazi kibichi kinaoza baada ya muda mfupi, lakini kilichokaushwa vizuri kinakaa miezi mingi. Ukame wa 1973 na 1974 ulipoingia, nchi yetu ililazimika kununua nafaka ng'ambo. Nyumba yenye michembe ilijua thamani yake. Sasa chakula kilichookoa watu kwenye shida, kwa nini tukifiche mgeni akipiga hodi?

Hebu tuandike upishi mmoja, kila mmoja ausome. Kwa watu kama kumi, chukua sado moja ya michembe. Ioshe, iloweke usiku kucha. Ikilowekwa inaiva upesi na kuni zinapungua. Asubuhi bandika na maharage au kunde zilizokwisha iva nusu. Funika sufuria. Vikikaribia kuiva, tia bakuli mbili za karanga zilizotwangwa pamoja na chumvi, uache vichemke polepole huku unakoroga chini visiungue. Pakua vya moto. Mgeni akila hicho asubuhi ya baridi, hataulizia mkate.

Kwa kunywa, tuna uji wa mtama au wa ulezi, wenye ukwaju na unga wa karanga. Jioni tuna ugali wa moto na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyoungwa kwa karanga. Mwenye ng'ombe aongeze maziwa mgando, lakini maziwa yachemshwe kwanza kabla ya kugandishwa, maana maziwa mabichi yanaleta magonjwa.

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya 1975, watu walikaa vikundi wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili. Sisi wa madarasa ya elimu ya watu wazima tunasema elimu ile isife. Kwa hiyo tunakumbusha haya:

1. Mboga za majani zianikwe kivulini penye hewa. Jua kali linaua vitamini A.

2. Karanga zikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa. Zilizoota ukungu zitupwe, asipewe mtu. Ukungu ule una sumu inayoharibu ini, na kuzikaanga hakuiondoi.

3. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala ili kuota moto. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala wazima, asubuhi wanakutwa wamekufa. Ota moto nje, kisha ingia ulale.

Jambo jingine linawahusu akina baba. Kumenya, kukata, kuanika, kutwanga na kupika, vyote tumewaachia akina mama. Wageni wakija, mama halali, baba anakaa kwenye kiti anapokea sifa. Huo nao ni unyonyaji, ndugu zangu, tena ndani ya nyumba. Baba achanje kuni, ashike kisu, amenye viazi. Mkono hautakatika.

Mapendekezo yetu ni mawili. La kwanza, kila kaya itenge akiba yake ya nafaka, michembe na kunde mpaka mavuno yajayo, ndipo iuze kinachozidi. La pili, mkutano wetu wa ushirika wa msimu huu wa baridi usinunuliwe soda kwa fedha ya chama. Kila kaya ije na chungu kimoja cha chakula cha shambani, tule pamoja, na viongozi tuwe wa kwanza kuleta.

Ambaye hakubaliani nasi aje mkutanoni aseme. Tutamsikiliza huku tunakula.

Ushirika ni nguvu. Kazi iendelee.

Katibu wa Chama, kwa niaba ya wenzake