Lami Ikiungua Tangini, Asilaumiwe Mtu wa Reki



Barabara ikipasuka kabla ya wakati wake, wa kwanza kunyoshewa kidole ni mtu wa reki na beleshi. Sisi tunasema: kwanza liangaliwe tangi.

Huku kwetu Munkunyu, karibu na ikweta, jua ni kali, na malori mazito yaendayo mpakani Mpondwe hayapungui. Katika hali kama hii lami ya kawaida hulainika na magurudumu huchimba mifereji. Ndiyo maana wahandisi wa nchi nyingi huichanganya na polima, hasa ile iitwayo SBS, inayoipa unyumbufu kama wa mpira. Dawa hiyo ni nzuri, lakini ni ghali na haivumilii uzembe.

Lami hiyo hutunzwa tangini ikiwa moto, kwa kawaida kati ya digrii 160 na 180 za Selsiasi. Moto ukizidi, au ikikaa humo siku nyingi mno, minyororo ya polima hukatika na lami yenyewe huzeeka ikawa ngumu. Tena, tangi lisipokorogwa, polima huelea juu. Lori la kwanza hubeba kitu kimoja na la mwisho kitu kingine, ingawa karatasi zasema ni mali ile ile. Kipimo kipo: huko Ulaya sampuli huwekwa wima katika mrija kwa digrii 180 siku 3, kisha sehemu ya juu hulinganishwa na ya chini.

Mara nyingi moto huongezwa kwa amri: lori limechelewa, mvua imesimamisha kazi, na nyapara anataka lami iwe tayari usiku kucha. Anayewasha hana sauti, lakini moshi anauvuta yeye. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya kutandaza lami miongoni mwa zile ambazo huenda zikaleta saratani. Nayo sheria ya Uganda ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2006, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi.

Basi tudai haya: kila tangi liwe na kipimajoto kizima na mashine ya kukoroga, vifaa vya kujikinga vitolewe, kazi ikisimama, moto upunguzwe, na daftari la joto litiwe sahihi kila zamu, likiwa na jina la aliyeamuru moto uongezwe. Daftari hilo litalinda barabara ya wananchi, na litakuwa shahidi wetu siku ya lawama.

Umoja ni nguvu.