Mzee wa Katesh kanifunza kuandika

Jamani, kuna ugonjwa sisi waandishi tunautoa chuo kikuu, na mimi ninao. Tukiandika kitu kikaeleweka na kila mtu, tunaona tumeishushia hadhi digrii yetu.

Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafukia sehemu ya mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Uvumi ukaenea kwamba mlima umelipuka volkano. Serikali ikaeleza kuwa siyo: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka, ikashuka kama tope.

Mimi nikaandika nini? "Tathmini ya awali imebaini kutokuwepo kwa viashiria vya mlipuko wa kivolkano katika tukio hilo la kijiolojia." Nikajiona bingwa!

Siku chache baadaye, pale Katesh, mzee mmoja aliyesomewa gazeti na mjukuu wake akanipa vidonge vyangu mbele za watu: "Kijana, hii umemwandikia nani? Mlima unawaka au hauwaki? Turudi nyumbani au tusirudi?" Watu wakacheka. Nikanuna. Moyoni nikasema, mzee hana shule huyu.

Usiku nikaisoma tena habari yangu. Jibu la turudi au tusirudi halikuwemo, kwa sababu hata mtaalamu sikumwuliza! Maneno makubwa yalikuwa yameufunika uvivu wangu, na mhariri hakuona.

Wenzangu wana utetezi wao: eti Hanang na Mbulu watu wengi nyumbani wanaongea Kiiraqw au Kibarbaig, Kiswahili cha gazeti kinawashinda. Upuuzi mtupu. Mpe sentensi ile msomi wa Sinza uone kama ataielewa. Hataielewa, ila atatikisa kichwa asionekane mjinga, kisha atakusifia kwamba makala imetulia. Sifa za namna hiyo ndizo zinazotuharibu. Yule mzee alikuwa na nyumba ya kurudi au kutorudi, hakuwa na muda wa kunisifia.

Siku hizi kabla sijapeleka habari namsomea yeye kimoyomoyo. Akiuliza "kwa hiyo tufanye nini?" nami nikakosa jibu, nanyanyua simu upya.

Wewe mwandishi mwenzangu, mara ya mwisho nani alikwambia usoni kwamba hujaeleweka? Na ulimjibu nini?