Kitanzi Kiondoke Sheriani

Adhabu ya kifo ifutwe katika sheria za Tanzania, tena bila kungoja zaidi.

Kanisa Katoliki hufundisha kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba hadi kifo cha kawaida. Mwaka 2018 Papa Francis alirekebisha Katekisimu, ikatamka kuwa adhabu hiyo haikubaliki, kwa kuwa hata muuaji hapotezi utu wake. Tunaliunga mkono fundisho hilo. Anayemtetea mtoto aliye tumboni hawezi kunyamazia kitanzi. Na sheria yetu yenyewe humwepusha mjamzito na kunyongwa.

Jaji akimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia, hana hiari ya adhabu nyingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kuwa ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Mahakama nazo hukosea: aliyefungwa kimakosa huachiwa, aliyenyongwa harudi.

Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa, ila hukumu zimeendelea kutolewa, na watu wanazeeka gerezani wakisubiri kifo. Wenye dhamana wapeleke muswada bungeni katika mkutano ujao, na waliokwisha kuhukumiwa wabadilishiwe adhabu.