Roketi ya mfano na kifaa chako: Kwa nini kuchomeka waya mmoja si mchezo

Chipu zimeshuka bei, na kuunda roketi ndogo yenye kompyuta ndani si jambo la Marekani na Ulaya pekee tena. Nchini Kenya, wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT, Juja, wanaunda roketi kupitia mradi unaoitwa Nakuja. Kompyuta ya roketi wameijenga wenyewe juu ya chipu ya ESP32, ile ile inayowekwa kwenye taa na soketi zinazowashwa kwa simu.

Lakini roketi ikisharuka salama, hamu inaongezeka. Huyu anataka kupima joto angani, yule anataka kupima mtikisiko, mwingine ana bodi aliyoibuni mwenyewe. Wote wanataka data zao ziungane na zile za roketi na zifike chini kwa redio. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Kompyuta ya roketi inafanya nini?

Kazi yake kubwa ni kujua roketi imefika kileleni, kisha kuwasha baruti kidogo inayotoa parachuti. Inajua hivyo kwa kusoma shinikizo la hewa, na mara nyingi pia mwendokasi unavyobadilika.

Ikishindwa, roketi inarudi kichwa chini. Ukiacha upinzani wa hewa, kitu kinachodondoka kutoka mita 300 kinafika ardhini kwa zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Kumbuka kuna watu wamesimama uwanjani wakitazama.

Kwa hiyo, bodi yako ikiigusa kompyuta hiyo, imegusa parachuti.

Mlango uliopangwa vizuri

Mfano mzuri ni TeleMetrum, kompyuta ya roketi kutoka mradi wa Marekani wa Altus Metrum. Michoro na programu zake ziko wazi kwa yeyote kusoma. Ina mlango maalumu wa kuchomeka bodi nyingine, na mazungumzo yao yana utaratibu:

• Kompyuta ya roketi ndiyo bosi. Bodi yako haisemi mpaka iulizwe.

• Kwanza inaulizwa: wewe ni nani, una vipimo vingapi, na usomwe kila baada ya muda gani?

• Kisha inaambiwa safari imefikia wapi: bado chini, injini inawaka, au inashuka. Nayo inajibu kwa namba.

• Namba hizo zinapanda kwenye redio. Pakiti ina baiti 32 tu, na nafasi ya mgeni ni namba 12 za biti 16.

Kuna kaujanja kadogo hapo. Bodi ikijitambulisha, hutuma namba yake pamoja na kinyume chake, yaani kila sifuri inageuzwa moja na kila moja inageuzwa sifuri. Zisipolingana, kompyuta inaichukulia kama haipo. Waya ukiwa umechomoka, ukimya wake hauwezi kusomwa kama kipimo.

Ariane 5 ililipia somo hilo

Tarehe 4 Juni 1996, roketi kubwa ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ilipofika urefu wa takriban mita 3,700 ilipinda ghafla na kusambaratika, ikiwa na satelaiti nne za utafiti.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kifaa cha kupima mwelekeo kilijaribu kuingiza namba kubwa kwenye nafasi ya biti 16. Haikuingia, kifaa kikazima. Cha akiba kilikuwa na programu ile ile, nacho kilikuwa kimezima kwa kosa hilo hilo.

Kibaya zaidi, ujumbe wa hitilafu uliotumwa na kifaa ulisomwa na kompyuta kuu kama data halisi ya safari. Kompyuta ikageuza injini kurekebisha kosa ambalo halikuwepo.

Kosa hilo linaweza kukupata na wewe

Chukua mfano rahisi. Shinikizo la hewa usawa wa bahari ni paskali 101,325. Nafasi ya biti 16 mwisho wake ni 65,535. Ukiituma namba hiyo bila kuipunguza, kinachofika ni 35,789.

Mbaya ni kwamba 35,789 si namba ya ajabu. Ni shinikizo la kawaida katika urefu wa karibu mita 8,000. Roketi bado iko kwenye reli yake, lakini skrini inakwambia imeshapita kilele cha Kilimanjaro. Dawa yake ni kugawa kwa kumi kabla ya kutuma, na kuandika wazi kwamba umegawa.

Umeme nao una yake

Chipu nyingi za kompyuta za roketi zinatumia volti 3.3. Arduino Uno, inayopendwa na wanafunzi, inatoa ishara za volti 5. Ukiziunganisha moja kwa moja, unaweza kuunguza chipu kabla hata ya siku ya kuruka.

Kuna pia suala la betri. Mota ndogo au kamera ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, volti inashuka, na kompyuta inajizima na kuwaka upya. Mezani hilo ni usumbufu tu. Angani, kompyuta inaweza kuamka ikidhani bado iko chini, na parachuti imekula kwako.

Ndo maana kanuni za shindano la wanafunzi la NASA, Student Launch, zinataka umeme wa mfumo wa parachuti ujitegemee kabisa, usichanganywe na ule wa vifaa vya majaribio. Zinataka pia vipima urefu viwe zaidi ya kimoja, kila kimoja na betri yake.

Nini maana yake kwa Afrika Mashariki?

Kenya si mgeni kwenye anga. Kituo cha San Marco karibu na Malindi kilirusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, lakini roketi ilikuwa ya Marekani na kituo kiliendeshwa na Waitaliano. Taifa-1 ya Kenya ilipaa Aprili 2023, nayo ilibebwa na Falcon 9 ya SpaceX kutoka California.

Kwa muda mrefu, basi, kanda hii imetoa eneo au mzigo, na wengine wakashika usukani. Roketi ndogo za vyuoni zinabadilisha hilo kwa hatua ndogo, kwa sababu anayeijenga ndiye anayeamua data isomwe vipi.

Kununua kompyuta iliyokwisha kupimwa ili ishike parachuti, huku bodi yako ikichomekwa pembeni ikisoma na kuripoti tu, si aibu. Na kwa timu inayojenga kila kitu yenyewe, njia nafuu ni kuweka mpaka huo huo: kifaa cha utafiti kikifa angani, parachuti ifunguke kama kawaida.

Kipimo chake hakihitaji hata uwanja. Washa mfumo mezani, weka taa ndogo mahali pa baruti, kisha chomoa bodi yako katikati ya safari ya kuigiza. Taa isipowaka kwa wakati wake, roketi hiyo haijawa tayari kuruka.